Je, mawazo yanaweza kunitia wazimu?

SWALI

Shikamoo daktari. Nina miaka 33, mama wa watoto wawili, naishi Mwanza na ni mhasibu wa saccos. Tangu nijifungue huyu wa pili, mwaka sasa, kichwa hakitulii. Usiku nawaza mkopo, kazi na afya ya watoto hadi alfajiri. Nikisema nisiwaze, ndiyo yanazidi. Mama mkwe anasema wanaowaza hivi huishia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na nimeanza kumwamini. Lakini kusema kweli, naogopa pia kuacha: nisipowaza mimi, nani atawaza kwa niaba yangu? Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Siku moja nilikuwa nakata vitunguu, mtoto amekaa mkekani, likanijia wazo kwamba naweza kumchoma kisu. Nilikitupa kile kisu. Tangu hapo visu viko juu ya kabati na dada wa kazi ndiye anayekata mboga. Nimeombewa, wazo limerudi. Huu ni mwanzo wa kichaa? Na je, nimwambie mume wangu?

JIBU

Marahaba, dada. Nianze na kisu, maana nadhani ndicho kilichokufanya uandike. Mkopo ungesubiri.

Wazo lile halijakufanya mtu hatari, na kwa jinsi ulivyoeleza sioni dalili kwamba uko njiani kuwa mmoja. Lilikushtua, likakuchukiza, ukatupa kisu. Mwenye nia ya kudhuru hapandishi silaha juu ya kabati ili isimkaribie.

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa London, Stanley Rachman na Padmal de Silva, waliwauliza watu wa kawaida, wasio na ugonjwa wowote wa akili, kama huwa wanajiwa na mawazo wasiyoyataka. Wengi walikiri kwamba huwajia: kumdhuru mtu, kuruka relini treni ikija, kupayuka neno chafu mbele za watu. Kisha watafiti wakachanganya mawazo hayo na yale ya wagonjwa waliokuwa wakiteswa na mawazo ya kujirudia, wakawapa wataalamu wayatenganishe. Wataalamu walipata shida. Ukiyasoma kwenye karatasi, wazo la mgonjwa na la mzima yanafanana mno. Utafiti mwingine wa mwaka 2014 uliwahoji wanafunzi 777 wa vyuo katika nchi 13, Iran na Sierra Leone zikiwemo, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 walisema walijiwa na angalau wazo moja la aina hiyo ndani ya miezi mitatu.

Kwa wazazi wapya hali ni hiyohiyo, tena zaidi. Nichole Fairbrother, mtafiti wa Canada aliyefuatilia kina mama waliotoka kujifungua, alikuta karibu wote huwajia mawazo ya mtoto kupata ajali, na karibu nusu huwajia wazo la wao wenyewe kumdhuru kwa makusudi. Nusu, dada. Kliniki ya watoto ikiwa na kina mama 20 kwenye benchi, hesabu mwenyewe. Wala hakukuta kwamba waliojiwa na mawazo hayo waliwatendea watoto wao vibaya kuliko wengine. Hakuna anayelisema kwa sababu kila mmoja anadhani ni peke yake.

Sasa jiulize: kama wazo ni lilelile, kwa nini kwa jirani yako linapita na kwako limeweka makazi? Huenda naye lilimjia akiwa anamenya ndizi, akasema "eh, kichwa hiki nacho", akaendelea kumenya. Wewe ulilipa hukumu. Uliamini kwamba limesema jambo fulani juu yako: kwamba ndani yako kuna mtu mwingine, au kwamba ni utabiri. Baada ya hukumu hiyo kila kilichofuata kilikuwa na mantiki. Kama wazo ni hatari, lazima ulilinde lisitokee. Ukilinda, lazima uchungulie kila mara kama limerudi. Na ukichungulia, unalikuta.

Imani kwamba kuwaza jambo ni sawa na kulitenda, au kwamba kuliwaza kunaongeza uwezekano wa kutokea, ilichunguzwa na huyohuyo Rachman pamoja na Roz Shafran katika miaka ya 1990, na imeonekana kwa wingi kwa watu wanaosumbuliwa na mawazo ya kujirudia. Kwetu ina mbolea ya ziada. Tumelelewa tukiambiwa maneno huumba, nasi wenyewe tukaongeza kwamba na mawazo huumba. Sina ugomvi na msemo huo, unafundisha adabu ya kinywa. Ila huwa nawaomba wagonjwa wanaouamini sana wafanye jaribio: wakae dakika tano wawaze kwa nguvu zote kwamba watashinda bahati nasibu. Wanacheka. Basi inakuwaje mawazo mazuri hayaumbi kitu, ila mabaya peke yake ndiyo yenye uwezo wa Muumba?

Umesema uliombewa. Sala siipingi hata kidogo, na dini zetu zenyewe zimelijua tatizo hili kabla ya saikolojia kuzaliwa. John Bunyan, mhubiri wa Kiingereza tunayemjua kwa Safari ya Msafiri, aliandika mwaka 1666 jinsi alivyoandamwa muda mrefu na wazo la kumuuza Kristo, wazo alilolichukia kwa moyo wake wote. Waislamu nao wana hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim: masahaba walimwendea Mtume wakamweleza kwamba huwajia nafsini mambo wanayoona ni makubwa mno kuyatamka, naye akawajibu kwamba huko kuona uzito wake ndiyo imani iliyo wazi. Kuchukizwa kwako kunashuhudia upande wako. Ninachokuonya ni kuigeuza sala kuwa kifutio, ukaisema mara saba kila wazo linapochungulia. Hapo sala nayo inaingia kwenye lindo, na wazo linapewa cheo lisichostahili.

Nikija kwenye kufukuza: umegundua mwenyewe kwamba ukijikataza yanazidi. Daniel Wegner, akiwa Texas, aliwaomba wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia. Kisha wakaruhusiwa kumfikiria, nao wakamfikiria kuliko wenzao ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Matokeo yalichapishwa 1987 na yamerudiwa kwa namna nyingi. Kwa hiyo ndugu wote wanaokuambia "usiwaze sana" wanakutakia mema, lakini wanakupa zoezi ambalo hakuna binadamu aliyelifaulu. Kisha ukishindwa, unajihesabu dhaifu.

Tuje kwenye usiku wako. Katika barua yako kuna sentensi mbili ambazo nilizisoma mara mbili. Moja inasema kuwaza kutakupeleka Mirembe. Nyingine inasema usipowaza, nani atawaza. Yaani unaogopa kuwaza na unaogopa kutowaza. Hapo ndipo uliponasa, na mkopo si sababu pekee ya kunasa.

Adrian Wells, mwanasaikolojia wa Manchester, amefanya kazi yake yote kwenye jambo hili. Neno la kitaalamu ni metakognisheni, lililoanza kutumika katika miaka ya 1970 kwa kazi za John Flavell wa Marekani juu ya namna watoto wanavyozielewa kumbukumbu zao wenyewe. Kwa lugha ya nyumbani ni yale tunayoamini kuhusu kuwaza kwetu. Wells na mwenzake Gerald Matthews walitoa hoja mwaka 1994 kwamba wasiwasi na sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, havidumu kwa sababu ya wazo baya lenyewe. Vinadumu kwa sababu ya kulikalia: kulichambua, kulilinda, kurudi nyuma na kuuliza "kwa nini mimi?" Na kinachomfanya mtu alikalie ni imani zake juu ya kuwaza. Wana dodoso la maswali 30 ambalo nalitumia, linalopima imani za namna tano. Mbili kati yake, kutoiamini kumbukumbu yako na kujichungulia kichwani muda wote, nitazipita.

Imani nzuri juu ya kuwaza ndiyo mlango wa kuingilia. "Nikiwaza najiandaa." "Mama anayejali huwaza." Mhasibu atakuwa nayo zaidi, maana kazini kwako anayekagua mara tatu ndiye anayesifiwa. Tatizo ni kwamba mahangaiko ya saa nane usiku yanafanana na kupanga lakini hayazai mpango. Ukipanga unaamka na jambo la kufanya. Ukihangaika unaamka na macho mekundu. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, watu 29 wenye wasiwasi uliokithiri waliandika kila walichohofia kwamba kitatokea, kisha wakafuatilia kama kimetokea. Asilimia 91 ya hofu hizo hazikutimia. Nawe ukitaka anza daftari lako. Wewe na hesabu hamhitaji kutambulishana.

Imani mbaya ndiyo kufuli, nayo kwa maoni yangu ndiyo inayoumiza kuliko zote: kwamba mawazo hayazuiliki na kwamba yana madhara. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kuwa imani hii, pamoja na ile ya kwamba ni lazima mtu atawale mawazo yake yote, iko juu kwa wagonjwa wa aina nyingi: wenye wasiwasi, wenye sonona, wenye matatizo ya kula, hata wanaosikia sauti. Wala si yetu peke yetu Waswahili, ingawa tuna bidii nayo ("atapata presha huyu", "kichwa kitapasuka", "atakuwa chizi"). Washona wa Zimbabwe huita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na huamini ndiko kunakoumiza moyo na mwili; hata mwongozo wa Wamarekani wa kuainisha magonjwa ya akili uliitaja hali hiyo katika toleo la 2013. Nigeria nako, mwaka 1960, daktari Raymond Prince alieleza wanafunzi waliolalamika kwamba kusoma sana kumewachosha ubongo, kichwa kinachoma na maandishi hayaingii.

Tazama inavyofanya kazi kwako. Unaanza kuwaza mkopo. Moyo unaenda mbio, kama unavyoenda kwa yeyote mwenye hofu. Maneno ya mama mkwe yanakuja: huu ndio mwanzo. Sasa hauwazi mkopo tena, unawaza kuwaza. Moyo unakimbia zaidi, nao unauchukua kuwa ushahidi. Kufika saa kumi alfajiri umeshasahau kabisa marejesho ni ya tarehe ngapi.

Na jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Kuwaza sana hakugeuki kuwa ukichaa ule unaouogopa. Magonjwa yanayomfanya mtu apoteze uhalisia yana njia zake nyingine, ikiwemo asili ya familia na mabadiliko ya ubongo, na mtu aliyemo ndani yake kwa kawaida haandiki barua iliyopangika kama yako kuuliza kama anaanza kuchanganyikiwa. Mirembe, kwa taarifa yako na ya mama mkwe, ni hospitali ambayo watu hutibiwa na kurudi nyumbani. Inastahili kuheshimiwa kuliko kutumika kutishia wake za watu.

Lakini ningekudanganya kama ningeishia kusema tatizo ni imani tu. Mkopo upo. Mtu mwenye deni, mtoto mdogo na usingizi wa saa tatu hahitaji kuambiwa kwamba shida yake ni mtazamo, na nawaona wenzangu wa taaluma hii wakiteleza hapo mara nyingi. Ndiyo maana napenda walichofanya Harare: Benchi la Urafiki, mpango ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006, ambapo mabibi wa mtaani waliopewa mafunzo hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakachagua pamoja tatizo moja halisi na kulitafutia hatua. Ulipopimwa kwa watu 573, matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha dalili zimepungua sana kwa waliokaa kwenye benchi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo mkopo wako utengewe mchana mmoja, kalamu mkononi, mume pembeni, na ikibidi nenda ukaongee na mkopeshaji kuhusu ratiba ya marejesho. Kitu chenye hatua kipewe hatua. Mengine yote, yasiyo na hatua, ndiyo ninayoyazungumzia hapa.

Nakushauri uanze na kuahirisha. Chagua muda mmoja, tuseme saa 11:30 jioni, dakika 15 tu, mbali na kitanda. Mahangaiko yakija usiku, yaambie muda wao ni kesho jioni, kisha uyaache yalivyo. Usiyafukuze. Tofauti ni ndogo lakini ndiyo yenyewe: kufukuza ni kupigana na wazo ili liondoke, kuahirisha ni kuliruhusu libaki huku ukikataa kuzungumza nalo. Konda wa pale Buzuruga anaweza kukuita kwa sauti yote, hata akakushika mkoba, na bado hujapanda gari lake. Ukifika muda wa jioni na huna haja ya kuwaza, usijilazimishe. Njia hii ilianzia kwa Thomas Borkovec katika miaka ya 1980 na imeingia katika tiba nyingi. Faida yake ninayoithamini zaidi ni kwamba inakuthibitishia jambo: ukiweza kuahirisha hata mara moja, basi ile imani ya "hayazuiliki" imepata ufa.

Kwa kuona tofauti hiyo kwa macho yako, fumba macho umfikirie chui. Usimwelekeze, usimtembeze, usimkataze. Mwangalie tu. Utaona anageuka, analala, anapotea, bila wewe kufanya lolote. Wells hutumia zoezi kama hilo. Lingine ni la masikio: kaa kibarazani dakika kumi na kidogo, usikilize jogoo peke yake, kisha bodaboda peke yake, kisha redio ya jirani, kisha uhame haraka kutoka sauti moja kwenda nyingine, mwisho uzisikie zote pamoja. Lengo lake si kukutuliza, na mawazo yakija katikati yaache. Unafanya mazoezi ya kugundua kwamba usikivu wako uko mikononi mwako hata kichwa kikiwa na kelele.

Visu vishuke. Si leo vyote. Anza na kile kidogo cha kumenyea matunda, ukiwa jikoni na mtoto yuko karibu, wazo lije likitaka kuja, nawe uendelee kukata. Usisali ili lisije, usimtazame dada wa kazi ili akupe uso wa matumaini. Kesho yake tena. Zoezi hili ni bora ulifanye ukiwa na mtaalamu wa kukusimamia, na kabla ya kulianza naye atataka kuhakikisha kwa maswali ya ana kwa ana yale ninayoyaona kwenye maandishi tu.

Tiba kamili ya namna hii si ndefu, mara nyingi ni vikao kumi hivi. Katika utafiti wa Trondheim, Norway, uliochapishwa 2018, wagonjwa wenye wasiwasi uliokithiri waliopata tiba ya metakognisheni walipona kwa asilimia 65, dhidi ya 38 kwa waliopata tiba ya fikra na tabia tuliyoizoea, ile ya kuyapima mawazo na kubadili mazoea. Usiizidishie sifa habari hiyo: wagonjwa walikuwa 81 tu kwa makundi yote, na walioipima tiba ni pamoja na waliobuni. Kwetu wenye mafunzo yake ni wachache, ila tiba ya fikra na tabia nayo inasaidia sana tatizo la visu, na dawa zipo pale wasiwasi unapokuzidi. Bugando wana kitengo cha magonjwa ya akili. Waeleze kila kitu, kisu kikiwemo, usiwafichie kwa aibu. Wameyasikia.

Kuna hali ambazo hazingoji miadi. Ukianza kusikia sauti zinazokuamuru, ukaamini mtoto si wako au ana uovu ndani yake, ukakaa siku kadhaa bila usingizi na bila kuuhitaji, wazo la kumdhuru likaacha kukutisha na kuanza kuonekana sahihi, au ukajiwa na mpango wa kujiua, hiyo ni dharura. Mtoto abaki na mtu mwingine na wewe upelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na hata bila hayo, kama kwa zaidi ya wiki mbili umekuwa na huzuni kila siku na hakuna kinachokupa raha, mweleze daktari hilo kwanza, kwa sababu sonona baada ya kujifungua hujificha nyuma ya mawazo mengi na ina tiba.

Mume mwambie. Chagua wakati watoto wamelala, uanzie kwenye hofu kabla ya kisu: "Kuna wazo linanitisha, na kwa sababu yake nimeacha kukata mboga." Akisikia namna ulivyojihami ataelewa haraka kuliko ukianza na wazo lenyewe. Ukiona maneno hayatoki, mpe asome jibu hili. Na mwombe kitu kimoja kigumu: usiku ukimuuliza kwa mara ya tano kama wewe ni mama mbaya, asikujibu. Akuambie tu kwamba ulishauliza, akushike mkono, mlale. Mama mkwe si lazima ajue.